Repetisyo ya kemia huku Katuba, Lubumbashi: nilimleta mtoto, nikabaki mimi

Chumba cha repetisyo (masomo ya ziada baada ya shule) ni kidogo, bati halina dari, na mabenchi yanatosha watoto ishirini na watano. Siku niliyohesabu walikuwa thelathini na wanane. Wanaochelewa wanakaa juu ya mabidoni (madumu) ya njano, kila mmoja na la kwao. Karatasi iliyobandikwa mlangoni inasema saa kumi na nusu, lakini kabla ya saa kumi na moja Prof humwoni. Umeme ukikatika, na Katuba mnaijua, somo linaendelea kwa taa za telefone. Ubao una ufa katikati na yeye anaandika herufi ndogo kama mchwa. Nimeanza na hayo ili mtu asije akaniambia sikumwonya.

Mimi ni mpika sabuni. Sokoni jina langu ni Mama Sabuni, na hiyo sabuni ya mawese ndiyo inayosomesha watoto wanne nyumbani. Wa tatu yuko mwaka wa nne wa humanite (sekondari ya juu), upande wa biolojia na kemia, na mwaka huu anaingia Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Hesabu za kawaida anaziweza vizuri. Ila ikifika stoikiometria, yaani zile hesabu za kujua kitu hiki kiasi gani kitakula kile kiasi gani na kitatoa nini, alikuwa anaganda.

Kwanza tulimpeleka mahali pengine mjini, dola ishirini na tano kwa mwezi, vigae chini na feni juu. Miezi miwili. Alirudi na daftari safi sana, fomula zimezungushiwa wino mwekundu: n = m/M. Nikamuuliza, hiyo M kubwa ni nini? Akaniambia, "Mama, ni fomula." Nikamuuliza tena kwa njia nyingine. Akasema, "Mama, tunaweka tu namba." Mtu aliyelipiwa dola hamsini! Nikamtoa.

Hapa kwa Prof ni dola kumi kwa mwezi, siku tatu kwa juma, na franka mia tano kila mara akigawa fotokopi. Jina la mahali halipo, hata kibao hakipo. Ukifika upande wa sokoni uliza kwa Prof wa misumari, utaonyeshwa.

Misumari ndiyo hii. Siku ya kwanza nilikaa nyuma ili nione pesa yangu inaenda wapi. Akaingia na kifuko cheusi cha kwikwaya (duka la misumari na vifaa vya ujenzi), ndani kilo moja ya misumari, na mizani ndogo ya jikoni ile ya betri. Akamwambia msichana wa mbele ahesabu ishirini. Akaziweka kwenye mizani: gramu 80. Kisha akanyanyua kifuko chote: "Humu mna misumari mingapi? Sitaki mhesabu." Kimya. Halafu mmoja wa kwenye mabidoni akasema 250. Prof akacheka. "Fundi wa milango anataka misumari kwa idadi, mwenye duka anauza kwa kilo. Katikati yao kuna mtu anayejua msumari mmoja una gramu ngapi. Huyo mtu ndiyo kemia."

Kisha akatoa bonge la makala (makaa ya kupikia), akalivunja na kulikwangua mpaka mizani ikasoma 12. Pembeni akaweka koili ya waya wa mukuba (shaba), akaikata kwa koleo mpaka ikafika 63 na kitu. Bonge jeusi jepesi huku, waya mwekundu mzito kule. Akasema idadi ya atomu ni ileile pande zote mbili: moli moja na moli moja, 6,022 mara kumi kwa kipeo cha 23. Akaongeza kwamba makala si kaboni tupu, mna majivu na unyevu, kwa hiyo tusimshitaki. Hiyo M kubwa iliyoshinda vigae vya mjini ilikuwa imekaa mezani: uzito wa moli moja ya kitu, gramu 12 kwa kaboni, 63,5 kwa mukuba, 18 kwa maji. Mtoto wangu alinigeukia. Sikumwambia neno, nikaendelea kufunga kitambaa changu.

Kosa lake kubwa nililijua juma la pili. Prof aliandika mlinganyo wa kutoa mukuba kwenye oksidi yake (mukuba ulioshikana na oksijeni) kwa makala: 2CuO + C inatoa 2Cu + CO₂. Akauliza, gramu 2 za oksidi zinataka gramu ngapi za makala? Nusu ya darasa, na wangu akiwa wa kwanza, wakapaza sauti: gramu moja! Maana waliona 2 na 1. Prof hakukasirika. Alifuta, akaandika chini ya kila kitu uzito wake: CuO ni 63,5 na 16, jumla 79,5, mara mbili 159. Kaboni 12. Kwa hiyo gramu 159 za oksidi kwa gramu 12 za makala. Gramu 2 zinataka gramu 0,15 tu. Zile namba kubwa za mbele zinahesabu moli, hazipimi gramu. Alilisema hilo mara nyingi mpaka watoto wakaanza kumtania, "Prof, misumari au kilo?" Sasa nyumbani hata mdogo wa miaka tisa akitumwa nyanya anauliza: misumari au kilo?

Sisi wa Lubumbashi tuna bahati moja ambayo sikuwahi kuifikiria: mifano imelala njiani. Alileta kipande cha malakiti, jiwe lile la kijani wanalochonga tembo na shanga za kuuzia wageni. Malakiti safi ni Cu₂CO₃(OH)₂. Watoto wakajumlisha: mukuba mara mbili 127, kaboni 12, oksijeni tatu 48, na OH mbili 34. Jumla 221. Kwa hiyo katika kila gramu 221 za jiwe, 127 ni mukuba, zaidi kidogo ya asilimia 57. Kilo kumi za malakiti safi zina mukuba kilo 5,75. Akawakumbusha kwamba wazee wa nchi hii waliyeyusha mawe haya na kumwaga misalaba ya mukuba karne nyingi kabla ya tanuru la Wazungu kutoa mukuba wake wa kwanza hapa mwaka wa 1911.

Hapo mtoto mmoja akafanya hesabu ya makala, akapata kwamba hizo kilo kumi zinataka kaboni gramu 543, akainua mkono: "Prof, wale wazee walibeba nusu kilo ya makala tu?" Nilicheka kwa sauti. Mimi ninayepika kwa makala kila siku najua nusu kilo haitoshi hata kupika chakula cha siku cha watu sita. Prof akamjibu vizuri: mlinganyo unahesabu makala inayonyang'anya oksijeni tu. Ile inayoleta moto hauioni, na hiyo ni magunia. Nilipenda kwamba hakujifanya hesabu ni dunia nzima.

Sasa nifike kwenye sabuni, maana ndiyo iliyonifanya niache kukaa nyuma.

Kanuni yangu niliachiwa na mama mkwe: bidoni la lita tano la mawese, makopo mawili ya kostiki (kostiki soda, NaOH), kopo la nyanya lile lililojaa kisawasawa na kukatwa juu kwa kisu. Miaka mingi haikunisumbua. Lakini tangu mwaka jana sabuni ilianza kula mikono ya watu. Dada mmoja afuaye nguo za watu alinirudishia vipande sita, vidole vimechubuka, akaniweka mbele ya wateja wengine: "Mama, hii ni sabuni au betri ya gari?" Nililia siku hiyo. Nilidhani mawese yamechanganywa. Nikabadilisha muuza mawese, wapi.

Siku Prof alipoandika ubaoni mlinganyo wa sabuni, niliinua mkono kama mtoto wa shule. Unaenda hivi, nami nauandika kama ulivyo daftarini mwangu (ndiyo, nilinunua daftari): molekuli moja ya mafuta na NaOH tatu zinatoa sabuni tatu na gliseroli moja. Mafuta yana mikono mitatu, na kila mkono unataka kostiki yake. Kwa mfano wa darasani alichukua tripalmitini, aina moja ya mafuta yaliyomo kwenye mawese, moli moja gramu 806. NaOH ni 23 na 16 na 1, jumla 40, mara tatu 120. Akawafanya watoto wahakikishe: 806 na 120 ni 926. Upande wa pili sabuni tatu za gramu 278 ni 834, gliseroli 92, jumla 926. Hakuna gramu iliyopotea njiani. Mimi ninayeuza kwa kipande na kuhesabu faida usiku, mizania ya namna hiyo ilinigusa.

Nikauliza: basi kilo moja ya mafuta inataka kostiki gramu ngapi? Akasema kwa tripalmitini tupu ni kama 149, lakini mawese yetu si kitu kimoja, ni mchanganyiko wa mafuta mazito na mepesi, na moli yake ya wastani ni karibu gramu 848. Kwa hiyo kilo moja ya mawese inakula kama gramu 141,5. "Mama, bidoni lako la lita tano halipimi kilo tano. Mawese ni mepesi kuliko maji, ni kama kilo nne na nusu." Mwanangu ndiye aliyemaliza hesabu, amesimama: gramu 637.

Kesho yake nikaja na kopo langu na kostiki ninayonunua siku hizi, ile ya mfuko uliofungwa. Makopo mawili kwenye mizani: gramu 820. Darasa zima likapiga mluzi. Gramu 183 za ziada kwenye kila mapishi, zimekosa mafuta ya kuungana nayo, zimebaki humo zinasubiri mikono ya watu. Prof akachukua kipande changu cha sabuni, akakikata kwa wembe, akadondosha tone moja la fenoltaleini, dawa inayogeuka rangi ikikuta kostiki, mahali palipokatwa. Pakawa zambarau kali, kama bougainvillea ya ukutani. Akadondosha jingine kwenye sabuni ya dukani aliyokuwa nayo: ikabaki na rangi hafifu tu. Sikuwa na la kusema.

Lakini mama mkwe alipika kwa makopo hayo hayo miaka thelathini, na mikono yake hadi leo ni laini! Hilo ndilo lililoniuma, na nikalisema. Prof akaniuliza yeye alinunua kostiki wapi. Sokoni, nikamwambia, kwenye beseni, inapimwa kwa kijiko. Beseni wazi? Wazi, mchana kutwa. Akaenda ubaoni: kostiki ikiwa wazi inanywa unyevu wa hewa, halafu inakamata ile CO₂ tunayoitoa puani, inageuka kabonati. 2NaOH + CO₂ inatoa Na₂CO₃ + H₂O. Gramu 80 zake zinakula gramu 44 za CO₂, na uzito kwenye mizani unapanda huku nguvu inashuka. Nikamletea ya beseni. Alikwenda kuipima kwa asidi kwenye shule anakofundisha asubuhi, akarudi na jibu: katika gramu 100, kostiki yenyewe ni kama 78. Makopo mawili ya hiyo yalikuwa gramu 810. Fanyeni wenyewe: 810 mara 0,78 ni 632.

Inatakiwa 637.

Mama mkwe hakukosea hata kidogo. Kanuni yake ilikuwa sahihi kwa kostiki yake. Mimi nilipopata pesa kidogo na kuhamia kostiki safi ya mfuko, nilibadilisha kitu kimoja na kuacha kopo lilelile. Nilitembea kurudi nyumbani usiku ule nikijicheka peke yangu, mpaka mwanangu akauliza kama niko sawa.

Ndipo nilipoelewa somo la reaktifu limitanti, lile linalowatesa wanafunzi wengi. Ni kile kinachoisha kwanza, hicho ndicho kinachoamua utapata nini. Prof aliwapa gramu 806 za tripalmitini na gramu 100 za kostiki. Kostiki ni moli 2,5, na inayotakiwa ni 3. Basi kostiki ndiyo itakayoisha kwanza. Sabuni itakuwa 2,5 mara 278, yaani gramu 695, na mafuta gramu 134 yatabaki bila kazi. Wanafunzi waliona hiyo ni hasara. Akaniuliza, "Mama Sabuni, wewe ungependa nini kiishe kwanza?" Nikajibu kabla hajamaliza: kostiki! Mafuta kidogo yakibaki yanalainisha ngozi, kostiki ikibaki inaichuna. Siku hizi nakata kidogo tena, napima gramu 605 kwa bidoni. Na ninaimimina kostiki ndani ya maji polepole, sio maji juu ya kostiki, maana maji yakimwagiwa juu yake yanachemka na kuruka usoni. Hilo nililijua kabla ya Prof, kovu ninalo chini ya kiwiko.

Nisimsifu mpaka nikadanganya. Somo la mavuno alilipitisha kwa dakika kumi na tano. Ubaoni: kama kwenye zile kilo 5,75 umepata 4,6, mavuno ni asilimia 80. Akaonyesha kwa mkono upande wa dohani ya Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, na ule mlima mweusi wa taka za tanuru, akasema mukuba na kobalti vilivyobaki humo ndio mavuno yasiyofika mia, ndiyo maana baadaye watu walirudi kuuyeyusha upya. Mfano mzuri kabisa, halafu akafunga daftari! Watoto wangehitaji mazoezi kumi hapo, na Exetat inapenda swali hilo. Hesabu za gesi vilevile. Aliwapa lita 22,4 kwa moli, kwenye sifuri ya selsiasi na presha ya usawa wa bahari. Mmoja akauliza kwa nini, na huku kwetu hakuna sifuri wala bahari. Alimjibu kwamba kwenye joto letu na mwinuko wetu wa mita kama 1200 moli moja ya gesi inachukua kama lita 28, lakini kwenye mtihani andika wanachokupa. Sawa. Ila namna ya kutoka 22,4 kwenda 28 hakuionyesha, na mwanangu aliitafuta mwenyewe siku mbili.

Kazi za nyumbani hazirudishi upesi. Anakusanya daftari Ijumaa, unaziona baada ya juma moja na nusu zikiwa na alama bila maneno. Nilimwambia, kwa heshima, maana ni mdogo wa umri lakini ni mwalimu: "Prof, mtoto akiona 4 kwa 10 bila kujua alipotelea wapi, nimelipa nini?" Akainamisha kichwa, akasema yuko peke yake. Ni kweli yuko peke yake. Na thelathini na wanane nani aliwapokea?

Kingine: anaeleza kwa Kiswahili, anaandika kwa Kifaransa. Kwangu hiyo ni neema, kichwa kinashika kwa Kiswahili na mkono unajiandaa kwa mtihani. Lakini jirani yangu alimtoa binti yake akisema anachanganywa. Mjue mtoto wenu yuko upande gani.

Wangu alikuwa na 3 kwa 10 shuleni kabla ya Krismasi. Jaribio la mwisho ameleta 7. Bado anasahau kusawazisha mlinganyo kabla ya kuanza hesabu, anarukia gramu kama mtu anayeonja mboga kabla ya chumvi. Lakini ukimuuliza M kubwa ni nini, anakwenda jikoni anakuletea bonge la makala.

Yule dada afuaye nguo nilimpelekea vipande vitatu vipya bure. Alivipokea kwa ncha za vidole. Juma lililofuata alituma mtoto kununua kumi. Mama mkwe nilimpa kimoja pia, akakigusa kwa ulimi kama wapikaji wa zamani wanavyofanya, akasubiri, akasema, "Umepunguza kostiki." Nikamwambia hapana mama, nimeongeza ukweli wake. Hakunielewa, nami sikumweleza, kulikuwa na wageni.

Kwa anayetaka kumpeleka mtoto: kundi jipya linaanza mwanzo wa mwezi, lipa nusu kwanza uone, anakubali. Wa mwaka wa pili na wa tatu wanaingia Jumamosi asubuhi, na hao ni wachache, wanasikia vizuri zaidi. Afike saa kumi na robo kama anataka benchi la mbele, maana herufi zile kutoka nyuma hazisomeki. Akichelewa, bidoni lisiwe lenye mafuta. Nilishamlipia mmoja sketi.